Jina la Otmar kwa Beberu na Tochi

Mtu ninayetaka kueleza habari zake alibatizwa Otmar. Waliomjua kwenye machimbo ya dhahabu jirani na Runzewe wanamwita Maige, na baadhi yao wamewapa watoto wao jina hilo kwa heshima yake. Aliyesababisha mtu mmoja awe na majina mawili namna hiyo ni mimi, na nitaeleza jinsi nilivyofanya.

Jina la Otmar lilifika kwetu na padre. Kwenye misheni moja ya upande wa Bukombe, kabla ya uhuru, alikuwapo padre mzee wa Kiswisi mwenye ndevu zilizofika kifungo cha tatu cha kanzu. Watu walimwita Padre Mandevu. Ukutani alikuwa na kalenda ya watakatifu, na mtoto aliyeletwa alibatizwa jina la siku yake, mzazi apende asipende. Ndiyo sababu upande ule umejaa akina Gelasius na Paskazia, majina ambayo bibi zao waliyatafuna kama karanga mbichi. Katikati ya Novemba ilikuwamo sikukuu ya Otmar, abati wa zamani wa huko kwao padre, aliyewajengea maskini na wakoma nyumba, kisha akasingiziwa jambo na kufia kifungoni. Padre Mandevu alimpenda huyo kuliko wote. Hakungoja tarehe. Mtoto wa kiume akizaliwa Novemba, mwanzo wa mwezi au mwisho, alikuwa Otmar.

Sasa, kwetu huku r haikai mdomoni. Watu wakatamka Otumali. Na kwa kuwa Kiswahili cha mnadani kila mtu anakijua, wakasikia "mali" humo ndani. Kina mama walifurahi sana. Mtoto ataitwa Mali! Ikawa ni jina la kugombewa. Shangazi yangu Melania, aliyeolewa huko, aliniambia yupo mwanamke aliyejifungua Septemba akamficha mtoto nyumbani miezi miwili, ili ampeleke kwa padre Novemba na kuapa kwamba amezaliwa juzi. Padre alimtazama mtoto anayecheka na kushika ndevu zake, akambatiza Otmar.

Otmar wangu yeye alizaliwa Novemba kweli, mwaka 1951.

Mimi nilizaliwa mwaka mmoja kabla yake, upande wa Songwa, Kishapu, katika nyumba isiyokuwa na Mkristo. Nilipewa jina la babu yangu, Maige. Maana yake nzige. Babu alizaliwa mwaka ambao nzige walikula mtama mpaka mabua, nami nikarithi nzige bila kuwaona. Kwetu jina la babu halipangwi na kalenda. Nilipozaliwa nililia siku nne, wakataja jina hili na lile, nikazidi kulia. Walipotaja Maige nikanyamaza na kushika ziwa. Baba alichinja kondoo. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na mama yangu hakuwa mtu wa kupamba maneno.

Lakini shuleni jina hilo lilinitesa. Mwalimu wetu alikuwa na kawaida ya kuita mahudhurio, na akifika kwangu anafunga daftari. "Maige! Leo umemaliza shamba la nani?" Darasa zima linacheka. Wakati ule kuwa na jina la Kisukuma peke yake ilikuwa sawa na kuja shuleni umevaa ngozi. Wenzangu waliokuwa na majina kama Dominiko waliandika majina yao kwa herufi kubwa mbele ya daftari. Mimi niliandika langu nyuma.

Mwaka 1968 nikafeli mtihani wa darasa la saba. Kurudia kulikatazwa, ila njia ilikuwapo na kila mtu aliijua. Unakwenda shule ya mbali ambako hakuna anayekufahamu, unatafuta jina la mwanafunzi aliyeacha masomo, unakaa kwenye dawati lake na kuitikia jina lake. Mwalimu mkuu anaona darasa limejaa, naye hana ugomvi na wewe. Shangazi Melania akaleta habari kwamba kwao kuna kijana ameacha shule anaingia la saba. Baba yake kavunjika nyonga, ng'ombe hawana mtu.

Nilimkuta kisimani, ananywesha. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa shati lenye kola tu na mikono, mgongo umekwisha.

"Mwangaluka," nikamwamkia.

"Mwangaluka. Wewe ndiye wa kwa Mama Melania? Yule aliyefeli?"

"Nimekuja kununua kitu usichokitumia."

"Mimi?" Akajitazama. "Sina kitu nisichokitumia, bwana. Hata hili shati nalivaa kwa zamu na kaka yangu."

"Jina lako la shule."

Alicheka mpaka ng'ombe wakaacha kunywa. Alipomaliza kucheka akataja bei, na hapo nikajua si mjinga. Alitaka mtamba. Nikamwambia jina halikamuliwi. Akasema hata shati halikamuliwi, lakini mtu hatembei bila shati. Nikamwambia hawa ng'ombe hawajui kama anaitwa Otumali au anaitwa Jumanne. Akasema mama yake anajua. Tulikwenda hivyo mpaka jua likapinda. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na hiyo ndiyo biashara yangu ya kwanza kubwa. Nilimshusha kutoka mtamba mpaka beberu mmoja na tochi yangu ya betri tatu.

Tochi ndiyo iliyomlegeza. Aliiwasha mchana ule ule, akaielekeza ndani ya kisima, akachungulia muda mrefu.

"Sawa," akasema. "Lakini siuzi. Nakuazima. Ukimaliza shule unanirudishia jina langu."

"Nitarudisha."

"Na wewe uniachie lako."

"La nini? Lina nzige."

"Rehani. Mtu akiazima kitu si huacha kitu? Nikibaki bila jina, mama akiniita nitaitika nini?"

Alisema akicheka, nami nikacheka, nikamwambia chukua. Sikumtoza chochote. Niliona nimepata faida juu ya faida: nimechukua jina la kizungu lenye mali ndani yake, na yeye kanisaidia kutupa nzige. Kesho yake aliniletea cheti cha ubatizo, kwa sababu shule ilitaka kithibitisho cha tarehe ya kuzaliwa. Alikuwa amekitoa kwenye sanduku la mama yake, kimefungwa ndani ya kipande cha kanga. Kanga akarudi nayo.

Basi nikawa Otmar. Nilifaulu. Nilikwenda sekondari miaka minne, nikarudi Kishapu kuwa karani kwenye kinu cha kuchambua pamba. Vyeti vyote vilisema Otmar, mshahara ulitoka kwa Otmar, na wakulima waliokuja na magunia waliniita Bwana Otumali, kwa adabu. Sijui ni mwezi gani hasa nilipaswa kurudisha jina la watu. Kila mwaka nilijiambia mwakani. Mara moja alituma salamu kwa shangazi: "Mwambie tochi imezima, betri huku hakuna. Na jina langu je?" Nilimtumia betri.

Mwaka 1975 nilitaka kumwoa Coletha, binti wa katekista. Baba yake hakutaka kusikia ndoa nyingine yoyote isipokuwa ya kanisani. Haikunipa shida. Katekisimu niliijua kwa moyo tangu shule, cheti cha ubatizo kilikuwa mfukoni. Padre wa kwetu alikipokea, akatufungisha ndoa, na kama utaratibu wao ulivyo akaandika barua kwenda kule alikobatizwa bwana harusi. Huko wakafungua kitabu cha ubatizo, wakatafuta mstari wa Otmar wa Novemba 1951, wakaandika pembeni: amefunga ndoa na Coletha, Kishapu, tarehe fulani. Mimi sikujua kwamba huwa wanaandika. Na nisidanganye, hata kama ningejua sidhani ningesita. Coletha alikuwa mzuri na baba yake alikuwa anaheshimika.

Miaka miwili baadaye, wakati wa msimu wa pamba, mlinzi wa kinu alikuja ofisini kwangu.

"Bwana Otumali, kuna mtu getini. Amekuja na baiskeli kutoka Bukombe, siku mbili njiani. Anamtafuta Otumali."

"Amesema ni nani?"

"Nimemuuliza. Amefikiri kwanza, halafu kasema anaitwa Maige."

Naamini hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitumia. Alikuwa amesimama kwenye geti la kazi yangu, ameomba kuonana na mtu mwenye jina lake, na alipoulizwa lake hakuwa na jingine la kutoa isipokuwa rehani.

Nilimpeleka nyumbani. Coletha, aliyekuwa na mimba ya Salvina wetu, alimpa ugali na mtindi, akamuuliza jina. "Maige, mama," akasema, akinitazama. Alikula vizuri. Coletha alipokwenda kuteka maji ndipo akaniambia.

Alikuwa amechumbia msichana aitwaye Theopista, mwimbishaji wa kwaya ya misheni. Mahari ilikwisha kupokewa. Walipokwenda kuandikisha ndoa, padre alifungua kitabu, akasoma, akavua miwani. "Otmar, wewe una mke Kishapu." Baba yake Theopista, Mzee Dominiko, alikuwapo pale pale. Ng'ombe wa mahari walirudishwa siku ile ile, mpaka yule aliyekuwa amezaa njiani akarudishwa na ndama.

"Nimewaambia jina niliazimisha," akasema Otmar. "Mzee Dominiko kasema kitabu cha kanisa hakisemi uongo, anayesema uongo ni mimi. Padre kasema kama ni kweli, niende na huyo mtu. Basi nimekuja. Sitaki kitu, ndugu yangu. Twende ukaseme tu. Au andika barua, saini yako, nitaipeleka mwenyewe."

Nilifikiri haraka, kama ninavyofikiri mnadani. Nikisema, cheti cha shule kinakufa. Cheti kikifa, kazi inakufa. Ndoa yangu sijui ingekuwaje, na mimba ile ingekuwa ya nani mbele ya katekista. Upande wa pili wa mzani palikuwa na mchunga ng'ombe anayetaka kuoa. Anaweza kuoa kimila, nikajiambia. Baba zetu wote walioa kimila.

"Otmar," nikasema, "nitakupa ng'ombe na ndama wake. Uoe kwenu kwa heshima, sherehe nitasaidia."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta kitu usoni pangu asikione.

"Sikuja mnadani," akasema.

"Nakuongezea na—"

"Bwana, nimesema sikuja mnadani."

Alikunywa maji, akajaza upepo gurudumu la nyuma, akamsubiri Coletha arudi ili amuage kwa adabu. Coletha akasema, "Mgeni wako mbona hakai?" Nikasema ana haraka na ng'ombe wake. Wiki ile tulipima pamba nyingi kuliko wiki yoyote ya msimu. Nilihesabu magunia mara mbili mbili, nikakosea.

Yaliyofuata niliyasikia kwa shangazi kidogo kidogo. Theopista alimwamini. Baba yake alipomwambia kitabu ndicho kinachojua, alijibu kwamba kitabu hajawahi kuongea nacho, Otmar ameongea naye. Akachukua sanduku lake, akamfuata. Kwa watu wa misheni akawa mwanamke anayeishi na mume wa mtu. Akatolewa kwenye kwaya. Hakuruhusiwa tena kupokea komunyo, wala Otmar. Hawakukaa sana kijijini. Dhahabu iliposikika upande wa Runzewe, wakahamia machimboni.

Mimi huku, kila Jumapili, nilipanga mstari na Coletha na kupokea. Mtoto wa wapagani wa Songwa ambaye hajawahi kumwagiwa hata tone la maji ya ubatizo.

Mwaka 1982 niliacha ukarani, nikaanza biashara. Nilinunua mchele na ng'ombe pale walipokuwa wengi, nikapeleka palipokuwa na njaa, na palipokuwa na njaa kuliko pote ni machimboni. Mwaka 1986 nilifika na mchele kwenye machimbo fulani, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Runzewe. Sijashusha gunia la kwanza, nikasikia sauti: "Maige! We Maige!"

Niligeuka. Miaka kumi na saba hakuna aliyeniita hivyo isipokuwa watu wa nyumbani kwa mama, na bado shingo iligeuka yenyewe. Lakini aliyeitwa ni kitoto kinachotambaa kuelekea shimoni, na aliyeita ni mama yake. Nyuma yake akapita mtoto mwingine, wa miaka kama minne, naye akaitwa Maige.

"Huku mna akina Maige wangapi?" nikamuuliza yule mama.

"Waliopewa jina? Watatu, na mke wa Ngassa yuko njiani. Mwenye jina ni huyu Maige mkubwa, anayegawa mawe."

Akanieleza. Mawe yakitoka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, hugawanywa mafungu: la mwenye duara, la wachimbaji, la wavuta kamba. Kabla ya kuyaponda na kuosha hakuna anayejua fungu lipi lina dhahabu, na hapo ndipo watu huchomana visu. Kwenye duara lao hawagombani, kwa sababu mgawaji ni Maige. Anagawa amefumba macho, na lake anachukua la mwisho. Nikauliza kama hawaoni ubaya kumwita mtoto nzige. Akanicheka. "Mzee, siku hizi nani anaona haya ya jina la kwao? Mapadre wenyewe wanabatiza Baraka na Mageni. Hayo ya kizungu ni ya ninyi wa zamani. Wewe unaitwa nani?"

Nikasema, "Baba Salvina."

Otmar alikuwa chini ya duara wakati ule. Aliyenipokea ni mkewe, aliyekuwa akipikia wachimbaji kwenye banda la matete. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nilipojitaja kuwa natoka Kishapu, upawa ulisimama sufuriani.

"Ndiye wewe shemeji yangu wa kitabuni?"

"Ndiye mimi."

"Kaa. Utakula." Akanipakulia wali na maharage, akakaa mbele yangu juu ya kinu kilicholala. Hakuwa na sauti ya ugomvi, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Mama amekufa mwaka jana. Aliniita siku za mwisho. Alitaka anione nimepokea, mara moja tu, halafu afumbe macho. Nikamwambia mama, siwezi, kitabu kimekataa. Akageukia ukutani."

Nilitoa kijiwe kwenye maharage, nikakiweka kando.

"Jumapili huwa nakwenda kigangoni," akaendelea. "Ndani naona haya. Nasimama nje, dirisha la upande wa kwaya, naimba nao kwa huko. Wameshazoea. Wakipotea sauti wananisikiliza." Akanitazama. "Na wewe, shemeji, huwa unapokea?"

"Huwa napokea," nikasema.

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

Akainuka kukoroga sufuria. "Kula, wali unapoa."

Niliacha mchele pale na vijana wangu, nikapanda baiskeli kurudi bila kumngoja Otmar. Nataka ieleweke hivi: nilikwenda kukiri siku ambayo kukiri hakukunigharimu tena. Sikuwa na kazi ya kufukuzwa, na cheti cha shule kilikuwa kinaliwa na mchwa. Mtu akinisifu kwa nilichofanya, akumbuke hesabu hiyo.

Coletha ndiye aliyenigharimu. Nilimwambia yote akiwa anachambua mchicha. Aliendelea kuchambua mpaka ukabaki mashina matupu.

"Yule mgeni wa baiskeli," akasema. "Nilimpa ugali na mtindi. Nikamsifu jina. Na wewe ulikaa pale unakula naye?"

"Nilikaa."

"Basi mimi ni mke wa nani? Maana niliyemwapia ni Otmar, na Otmar alikuwa amekaa hapa anaramba mtindi." Hakucheka. Tangu siku ile hajanitaja jina lolote. Ananiita Baba Salvina, kama anavyoniita muuza chumvi.

Padre wa ile misheni ya Bukombe sasa alikuwa kijana Msumbwa, mwenye tabasamu la haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, tabasamu likaondoka. Akaleta kitabu. Karatasi zake zilikuwa ngumu na rangi ya chai. Akanionyesha mstari: Novemba 1951, Otmar, na pembeni mimi na Coletha wangu kwa wino wa bluu, tumembana mwenye mstari. Akafunua kurasa mbele na nyuma. Akina Otmar walikuwa kumi na saba. Novemba moja walikuwa wanne. Kisha Padre Mandevu anarudi kwao, na jina linaanza kupungua: mmoja, mmoja, halafu mwaka 1964 wa mwisho, halafu hakuna.

"Unajua maana yake?" akaniuliza. "Ni Kijerumani cha zamani. Nusu ya kwanza ni mali, nusu ya pili ni kusifika. Aliyesifika kwa mali."

"Kina mama walisikia mali humo tangu siku ya kwanza."

"Walisikia kwenye nusu isiyokuwa yake, lakini walipata." Akafunga kitabu, kidole ndani. "Wewe ni mpagani uliyekula meza ya Bwana miaka kumi na mmoja, mzee. Na wawili waliobatizwa wamekaa nje dirishani miaka tisa. Ya kwako tutayatengeneza, utaanza na mafundisho, utakaa benchi moja na watoto. Ya kwao mwenye kuyatengeneza hapa duniani simwoni. Naweza kufuta mstari tu."

Akaufuta kwa wino mwekundu mbele yangu.

Nikarudi machimboni. Otmar safari hii alikuwa juu, anafua suruali yenye vumbi la mawe. Alikuwa amenyauka, meno mawili hakuna, lakini macho ni yale ya kisimani. Nikamwambia mstari umefutwa. Akakamua suruali, akaitandika kwenye kichaka, akakaa.

"Theopista," akaita, "jina limerudi."

Mkewe alitokeza kichwa bandani. "Limekuja peke yake, au kalileta mtu?"

"Kalileta mtu."

Akarudi ndani. Tukasikia upawa unakwangua sufuria.

Walifunga ndoa Septemba ile, kule kule kigangoni. Mzee Dominiko, aliyekuwa amekwisha kupoteza macho, aliongozwa mpaka benchi la mbele. Otmar alitaka shahidi wake niwe mimi. Padre alisita, Otmar akamwambia shahidi wa jambo hili duniani yupo mmoja tu, mwingine watamtoa wapi? Kwa hiyo nilisimama kando yake, nimevaa koti. Kwaya nzima ilikuwa inamtazama Theopista, na dirisha la upande wao lilikuwa wazi, hakuna mtu.

"Otmar," akasema padre.

"Naam," nikaitika.

Kanisa likacheka. Hata Mzee Dominiko aliuliza, "Kaitika nani?" Mwenyewe bwana harusi alikuwa kimya, anamtazama padre kama asiyeitwa, mpaka Theopista akamgusa kwa kiwiko.

"Ni wewe huyo," akamnong'oneza.

"Eh," akasema. "Nipo."

Baada ya ibada tuliingia ofisini kutia saini. Otmar aliandika polepole, kila herufi peke yake, kama mtu anayepanga matofali. Theopista akaandika. Padre akanisogezea kitabu na kalamu.

"Shahidi, jina lako hapa."

Nilishika kalamu. Padre akangoja. Jina lililokuwa mkononi mwangu miaka yote lilikuwa tayari juu, wino haujakauka, limeandikwa na mwenyewe. Nikamgeukia Otmar.

"Bwana, nirudishie langu."

"Lipi?"

"Maige."

Alijikuna kidevu. Macho yakawa ya kisimani kabisa. "Maige siwezi. Ile ilikuwa rehani, na ulichelewa miaka kumi na saba. Watoto wanne wanalitumia kule. Mke wa Ngassa amejifungua."

"Nitakupa—"

"Usianze."

Padre akatazama saa. Theopista akamtazama mumewe. Nje kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo wa kutokea, na ilikuwa inapotea sauti.

"Haya," akasema Otmar. "Nakuazima. Andika, lakini ukimaliza kuandika unirudishie."

Niliinama. Mkono wangu haukuwa umeandika neno hilo tangu darasa la saba la kwanza, nyuma ya daftari, na ulianza na O. Padre akasema si neno, akaipiga mstari. Nikaanza tena.